Mwalimu Naye Aulize

Kuuliza si ujinga. Methali hii hatuichoki sisi Waswahili, na kila mara twaielekeza kwa mwanafunzi: asiyejua na aulize, asione haya. Lakini ni nani aliyewahi kumwambia mwalimu aulize? Mwalimu huingia darasani akaanza kumimina, na kazi ya mwanafunzi ni kukinga kibuyu. Kibuyu kikivuja, lawama ni ya mwenye kibuyu.

Nayasema haya kwa sababu ya safari iliyonifikisha Meru, chini ya Mlima Kenya, mbali na bahari na upepo wake.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anaishi Meru huu mwaka wa sita. Alikwenda kwa kazi ya kutengeneza kompyuta, akaoa huko, na sasa hufunza watu kuandika programu, yaani yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata neno kwa neno. Amepanga chumba juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo pale Makutano. Ana meza sita, kompyuta kumi kuukuu na ubao mmoja. Usiku mmoja baada ya Isha alinipigia simu, na sauti yake haikunipendeza.

"Mjomba, darasa limekwisha."

"Limekwisha kwa maana wamehitimu?"

"Limekwisha kwa maana wameondoka."

Walianza watu 24. Kufikia juma la sita walisalia 7. Na balaa haiji peke yake: karo za darasa la pili alikwisha zipokea, na nusu yake amelipia kodi ya chumba. Miongoni mwa walioondoka, binti mmoja wa mtaa wa Majengo alikuja na mama yake kuomba warejeshewe walicholipa. Mama yule hakugomba wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Mwalimu, pesa hizi ni za ndizi," akanyamaza.

"Mjomba," mpwa wangu akaniambia, "neno hilo limeninyima usingizi."

Mimi kompyuta naijua kwa kuandikia makala na mashairi, basi. Lakini nimekaa chuoni mbele ya mwalimu, na nimewafunza vijana kupima mizani ya shairi. Najua darasa likifa lina harufu yake. Nikafunga safari. Kutoka Mombasa hadi Nairobi, kisha kwa matatu kupitia Embu na Chuka, barabara ikipanda na kushuka mabonde ya mito itokayo mlimani, hata nikaingia Meru magharibi nikitetemeka kwa baridi.

KARATASI YA UKUTANI

Kitu cha kwanza alichonionyesha mpwa wangu ni mtaala wake, umebandikwa ukutani. Masomo ya majuma 12. Juma la kwanza, historia ya kompyuta. La pili na la tatu, hesabu za namba mbili, sifuri na moja. Kisha aina za data, kisha kanuni za lugha ya Python. Nikashuka kwa kidole hata juma la 11, ndipo nikakuta maneno haya: "Mwanafunzi aandike programu ya manufaa."

Nikamwuliza mtaala huu aliutoa wapi. Akasema ni wa chuo alikosoma yeye, ameupunguza tu.

"Na chuo hicho kiliwafunza nani?"

"Watu wa shahada."

"Na hawa wako wanataka shahada?"

Hakunijibu moja kwa moja. Alinijibu kwa swali, na lilikuwa pigo zuri. "Mjomba, msingi ni msingi. Mwanafunzi hajui ajitakialo, ndiyo sababu akaitwa mwanafunzi. Wewe ulipopelekwa chuoni na ubao wako, nani alikuuliza haja yako?"

Kweli hakuna aliyeniuliza. Nililala na swali hilo kifuani.

Jawabu nililipata alfajiri msikitini. Imamu alisoma Fatiha, akafuatisha sura fupi, na pembeni yangu mtoto mdogo alikuwa akiitikia midomo, anaijua neno kwa neno. Nikakumbuka chuo chetu. Tulipokwisha kujua alifu na be, na irabu zake, mwalimu hakutufungulia Al-Baqara, ijapokuwa ndiyo ifuatayo Fatiha katika msahafu. Alitupeleka mwisho wa kitabu. Tulianza na An-Nas, tukapanda Al-Falaq, tukapanda Al-Ikhlas, tukaikwea Juzuu Amma kinyumenyume. Kwa nini? Kwa sababu mtoto wa miaka saba huamrishwa kusali, na Magharibi ya leo yahitaji Fatiha na sura fupi. Anachojifunza asubuhi atakitumia jioni. Sura ndefu zitakuja, na akiwa na himma atahifadhi zote. Lakini mlango wa kuingilia umewekwa pale penye haja yake.

Basi aliyepanga utaratibu ule alikuwa amekwisha jiuliza: huyu mtoto ajifunza ili afanye nini? Mimi sikuulizwa kwa sababu mji mzima ulikuwa unajua jawabu. Pale Makutano hakuna aliyelijua. Wale 24 kila mmoja alipanda ngazi zile na muradi wake moyoni, na mwalimu aliwapa wote safari ya mtu mwingine.

Nilipomweleza mpwa wangu alikuna kichwa. Mwisho akasema, "Haya mjomba, twende tukaulize."

MASWALI MAWILI

Tulikubaliana jambo moja kabla ya kutoka. Hatutauliza, "Wataka kujifunza nini?" Swali hilo mtu hulijibu kwa lile alilolisikia kwa watu. Fomu za mpwa wangu zilikuwa nalo, na karibu wote waliandika: kazi Nairobi. Sisi tungeuliza hivi: "Jumatatu ya kwanza baada ya kumaliza masomo, utaketi ufanye nini ambacho leo hukiwezi?" Na la pili: "Kazi hiyo leo waifanyaje?"

Tulianza Majengo, kwa yule binti. Mama yake huuza ndizi soko la Gakoromone. Ana chama na wanawake wenzake. Kila juma kila mmoja hutoa fungu lake na mmoja hupokea, zamu kwa zamu. Binti ndiye katibu, tangu amalize kidato cha nne. Fedha nyingine huja mkononi, nyingine kwa M-Pesa, na daftari limekwisha kuwa la kufutafuta. Mara mbili wanawake wamegombana hata wakakaribia kuvunja chama.

"Nilitaka Ijumaa jioni niweze kusema nani ametoa na nani bado, pasiwe na wa kubisha," alisema. "Juma la sita tulikuwa bado twageuza sifuri na moja. Nikaona haya kumwambia mama."

Fomu yake ilisema kazi Nairobi. Kumbe haja yake iko umbali wa kutembea kwa miguu. Tena tukagundua jambo jingine: nyumbani hana kompyuta, ana simu tu. Mazoezi yote aliyopewa yalihitaji kompyuta. Mpwa wangu aliinama akaitazama sakafu.

Wa pili alikuwa karani wa ushirika mmoja wa maziwa, mtu makini, mmoja wa wale 7 waliobaki. Kila alfajiri hupima maziwa ya wanachama na kuandika kilo. Mwisho wa mwezi hukaa siku tatu akinakili na kujumlisha, na jina moja likiandikwa namna mbili, mtu mmoja huwa watu wawili, na malipo huharibika. "Mkulima akikosa haki yake haiti mkutano," alisema. "Huja kwangu nyumbani." Haja yake ni orodha mbili zikutanishwe na majina yasahihishwe. Theluthi moja ya mtaala ingemtosha, lakini theluthi hiyo ilikuwa mwishoni.

Wa tatu alikuwa kijana wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kule Nchiru, chuo kilichopata hati yake mwaka 2013, juu ya ardhi iliyotolewa na wazee wa Njuri Ncheke. Huyu naye alikuwa amebaki, na alishangaa kuulizwa. Ana mitihani mbele yake, na yeye kweli ataka uandishi wa programu uwe kazi yake ya maisha. Zile sifuri na moja alizipenda. Kwake mtaala ule ulikuwa sawasawa. Ndipo nikaona kwamba mtaala wa mpwa wangu haukuwa mbaya. Ulikuwa nguo nzuri iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mmoja, wakavishwa 24.

KITENDAWILI CHA NGUO NTUNE

Wa nne ndiye aliyenifunza zaidi. Ni mzee wa Tigania, dalali wa miraa. Sisi wa Pwani twajua yaliyosemwa misikitini na mabarazani juu ya mti huo, na leo si siku yake. Mzee huyu alionja uchungu mwaka 2014 Uingereza ilipoipiga marufuku, akauonja tena mwaka 2020 Somalia ilipofunga mlango, hata ulipofunguliwa mwaka 2022. Bidhaa yake huharibika kwa siku mbili tatu, na alitaka kujua kila asubuhi nani anamdai na nani anadaiwa.

Aliposikia natoka Pwani alicheka. "Kwa hiyo wewe ni wa Nguo Ntune!"

Wameru husimulia kwamba wazee wao waliishi zamani kisiwani Mbwaa, pwani ya bahari, na wako wataalamu wanaodhani ni huku kwetu upande wa Manda na Lamu. Huko walitawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. Watu hao waliwatwika mafumbo yasiyofanyika: leteni kiatu chenye manyoya pande zote mbili, leteni mkuki mrefu wa kufika mbinguni. Kiongozi wao, Koomenjoe, alitegua alivyoweza, na mwisho akawatoa kisiwani wakaenda zao.

"Sasa sikiliza, mzee mwenzangu," akaniambia. "Nguo Ntune hawakuwa na haja ya kiatu. Haja yao ilikuwa sisi tushindwe. Mwalimu alipotuambia tugeuze namba, nikamwuliza za nini. Akasema, mtajua mbele. Nikajiambia, haya ni ya Nguo Ntune. Nikaenda zangu kama Koomenjoe."

Mpwa wangu akafanya haraka kusema kwamba yeye hakutaka mtu ashindwe. "Najua, mwanangu," mzee akamjibu kwa upole. "Lakini fumbo lisilo na sababu, anayelibeba hawezi kujua limetoka kwa rafiki au kwa adui."

Ndugu msomaji, sijasikia maneno bora zaidi juu ya kufunza.

AL-KHWARIZMI ALIKWISHA TUTANGULIA

Wala jambo hili si geni. Wanaoandika programu hutumia kila siku neno algorithimu, maana yake utaratibu wa hatua kwa hatua wa kufikia jawabu. Neno hilo ni jina la mtu: Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, karne ya tisa. Yeye ndiye aliyeandika kitabu kilichoipa dunia aljebra. Na katika utangulizi wake alieleza kitabu ni cha nani na cha nini: watu katika mirathi na wasia wao, kugawana mali, kesi, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Ameacha mume, ameacha mama, ameacha wana. Kila mmoja apate ngapi? Elimu ile kubwa iliingia duniani kwa mlango wa haja ya mtu aliyefiwa.

Na katika zama zetu, Chuo cha Georgia Tech huko Atlanta, Marekani, kiliamua mwaka 1999 kwamba kila mwanafunzi, wa fani yoyote, asome kompyuta. Wote wakatiwa darasa moja. Wanafunzi wa uhandisi walikwenda vyema, lakini wa fasihi, wa biashara na wa usanifu wa majengo, zaidi ya nusu walikuwa wakianguka au kujitoa. Mwaka 2003 mwalimu aitwaye Mark Guzdial aliwaanzishia darasa jingine, lenye misingi ileile, ila badala ya hesabu tupu walitumia programu kugeuza rangi za picha na kuchezea sauti, mambo waliyoyaona yanawahusu. Waliofaulu wakapita wanane katika kila kumi. Wanafunzi hawakuongezwa akili, walibadilishiwa mlango.

Hapa kwetu Kenya, mwaka 2022 Taasisi ya Kukuza Mitaala iliidhinisha mtaala wa kuandika programu wa kampuni ya Kodris Africa kwa shule za msingi na za upili. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini mtaala ulioidhinishwa hauwezi kujua mama wa mtoto auza nini. Hilo ni la mwalimu wa pale pale.

MTAALA WAGEUZWA

Usiku ule tuliubandua mtaala ukutani, tukaulaza mezani. Mpwa wangu aliandika kwanza kazi ya mwisho: programu ya chama. Kisha akarudi nyuma, hatua kwa hatua, akijiuliza ili mtu aandike hii, ajue nini kwanza?

Nilikaa nikitazama. Programu ya chama yataka orodha ya majina. Yataka kompyuta ilipitie kila jina, moja baada ya jingine, bila kuchoka. Kwa kila jina ijumlishe alichotoa. Kisha iamue: akiwa amepunguza, liandike, akiwa ametimiza, lipite. Mwisho itoe jumla. Mpwa wangu akaweka kalamu chini. "Mjomba, hapa mna orodha, mna mzunguko, mna sharti, mna hesabu. Huu ndio msingi wenyewe niliokuwa nikiufunza!" Naam. Msingi haukupotea. Umehamia ndani ya nyumba ya mwanafunzi.

Akafanya madarasa mawili. La Jumamosi ni la wenye kazi mkononi, kama binti na karani. Juma la kwanza tu waandike programu ndogo inayojumlisha michango, na mazoezi yawe ya kufanyika kwa simu. La jioni ni la wale kama kijana wa Nchiru, wanaotaka kuwa mafundi wa kazi hiyo. Hao na wapewe sifuri na moja zao. Nikamwonya pia kwamba haja ya mtu si ukuta. Binti akimaliza ya chama, huenda akataka ya darasa la jioni, maana mtu hawezi kutamani asichojua kuwa kipo. Mwalimu auliza haja ili apate pa kuanzia, si ili amfungie mtu hapo.

Lililobaki lilikuwa zito. Mzee wa miraa, tulipomsikiliza vizuri, hakuwa na haja ya kuandika programu hata kidogo. Alihitaji jedwali la mahesabu ambalo limekwisha tengenezwa, na alasiri moja ya kuonyeshwa. Mpwa wangu alijua hivyo, nami nilijua kwamba anajua. Kodi ya chumba ilikuwa inamsubiri. Asubuhi alimfuata mzee, akamwonyesha jedwali, akamrejeshea karo yake yote. Sikumpa nasaha hiyo, wala sikumsifu mbele yake. Lakini nilimwandikia dada yangu kwamba mwanawe amekuwa mwalimu.

Kuna watakaosema biashara haiendi hivyo. Huenda. Lakini mwalimu anayeuliza haja hana budi kukubali kwamba siku nyingine jawabu litakuwa, "Wewe sikuhitaji." Asiyekuwa tayari kwa jawabu hilo asijisumbue kuuliza.

Nilirudi Mombasa. Majuma matatu baadaye simu ililia tena baada ya Isha, na mara hii sauti ilikuwa nyingine. Binti wa Majengo alikuwa amerudi darasani, na Jumamosi ile programu yake ilifanya kazi kwa mara ya kwanza. Aliingiza majina yote ya chama na michango yote ya daftari, akabonyeza, akangoja. Likatokea jina moja la mtu aliyepunguza majuma mawili. Lilikuwa jina la mama yake.

Binti alimwita mwalimu kwa sauti ya chini, akamwuliza kama kuna namna ya kuiambia kompyuta iliruke jina hilo.

"Namna ipo," mpwa wangu akamjibu. "Nitakufunza ukitaka. Lakini kwanza niambie, wataka programu hii ifanye nini?"

Binti alifikiri kidogo. Kisha akaliacha jina lilivyo, na jioni ile mama akalipa.

Nami nafunga kwa ubeti mmoja:

Mwalimu kabla kufunza, muulize haja yake,
Safari akiianza, ajuwe na mwisho wake,
Fumbo likimtatanza, hurudi nyumbani kwake,
Elimu ina mlango, kila mtu ana wake.